Kufuli la Nje

Mkono wa katapila tuliuacha hewani, na mimi nimeshinda wiki nzima nikitukanwa. Kuna msomaji ameniandikia kwamba nikimuua yule mzee atalitumia gazeti hili kufungia misumari. Mwingine kasema nina roho mbaya. Ninayo, sikatai. Lakini ya leo si yangu, someni mjionee.

Kwa aliyechelewa kupanda, nitamvuta mkono haraka. Kuna yadi ya bandari, na nyuma kabisa ya yadi kuna boti kuukuu ya abiria iliyopandishwa juu ya magogo miaka mingi iliyopita. Ndani yake anaishi mzee aliyekuwa nahodha na fundi wake. Watu humwita Injini, kwa sababu akianza kukohoa utadhani inawaka. Boti ni yake, halali yake kabisa.

Anaishi na bintiye, mshonaji wa maturubai. Sasa, kuishi ndani ya yadi ni marufuku. Kwa hiyo kila binti akitoka kwenda kupeleka kazi hufunga mlango kwa kufuli la nje. Sababu mbili: boti ionekane haina mtu, na mzee asitoke akapotea, maana siku hizi kumbukumbu zake huingia na kutoka zipendavyo.

Na yupo ofisa wa bandari anayeshughulikia vyombo vilivyotelekezwa. Ofisa huyo ni mtoto wa kwanza wa Injini, kaka wa tumbo moja na mshonaji.

Haya. Muda wa tangazo umekwisha. Karani wa mahakama amekuja kushuhudia. Katapila limewashwa, mkono wake umesimama juu ya boti. Mzee yumo ndani, kufuli liko nje, na ufunguo uko mkononi mwa binti aliyefungiwa nje ya lango akiwa anahema.

Mtauliza, kwa nini alitoka siku kama ile? Msimwone mjinga. Yadi ile ina desturi yake: siku ya kuvunja, huanza na vyombo vilivyo karibu na lango na kwenda nyuma. Wavunjaji hupenda kujisafishia njia. Boti ya Injini iko mwisho kabisa, kwa hiyo binti alipiga hesabu kwamba hadi jioni hawatakuwa wamefika. Angepeleka turubai la mteja, arudi, amtoe baba yake kabla ya mtu kujua.

Asubuhi ile ofisa alimwambia mwendesha katapila aanze nyuma.

Mwendesha katapila, watu wamempa jina la Meno kwa kucheka kwake, aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Alikuwa mgeni pale, kampuni ilimleta wiki ile ile, lakini hata mgeni alijua kwamba huanzi kula samaki kwa mkia. Ofisa akamjibu kwamba kazi ya katapila ni kuchimba, si kuuliza.

Sheria ya vyombo vilivyotelekezwa si mbaya yenyewe, jamani. Inasema ubandike tangazo ubavuni mwa chombo, usubiri. Mwenyewe asipojitokeza kwa miguu yake, maana kutuma mtu hakukubaliki, uje na shahidi. Ugonge, uite, usikilize. Ukimya ukikujibu, chombo hakina mtu, kivunje. Aliyeitunga alikuwa na nia njema, alitaka asife maskini yeyote usingizini. Hakufikiria kwamba kuna ukimya unaofundishwa.

Mshonaji alikuwa amemfundisha baba yake jioni baada ya jioni, kama unavyomfundisha mtoto kuvuka barabara. Wakigonga, kimya. Wakiita, kimya. Hata wakisema moto, kimya, mimi nitakuja. Mzee akawa anajibu sawa mama, sawa mama. Alimwita binti yake mama, kama wazee wengi wanavyowaita mabinti wanaowapenda.

Jambo moja tu lilimshinda. Mzee hakuweza kunyamaza akisikia hodi. Binti alijaribu kwa kila njia. Alikuwa anatoka nje, anafunga mlango, anabisha hodi, na kila mara kutoka ndani inakuja sauti ya furaha, karibu, karibu ndani. Akirudi kumgombeza, mzee anasema amesahau, turudie. Wanarudia. Karibu, karibu ndani. Siku moja walicheka wote wawili mpaka machozi, binti akaacha, akasema basi, hakuna mtu wa serikali anayebisha hodi.

Sasa turudi uwanjani.

Ofisa alichukua nyundo mwenyewe. Aliukaribia ubavu wa boti, akagonga mara tatu kwa nguvu, mbao zikalia.

“Kuna mtu ndani?”

Kimya.

Karani wa mahakama, binti mdogo aliyekuwa kwenye kazi yake ya kwanza ya nje na viatu visivyofaa kwa tope, alisogea kusikiliza. Hakusikia kitu. Akaliangalia kufuli, akalishika, akaliona limefungwa barabara kwa nje. Ofisa akamwonyesha kwa kidole, akamweleza kwamba binadamu hawezi kujifungia kwa nje. Karani akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli, nani ajifungie kwa nje?

Meno alizima injini na kuchungulia kutoka kwenye kiti chake. Alisema kwao, kabla ya kubomoa hata banda la kuku, mtu hupiga hodi kwanza. Akauliza kama apige. Ofisa akamwambia hapana, upesi kidogo kuliko ilivyostahili. Akasema utaratibu umefuatwa, na utaratibu hauongezwi chumvi.

Hapo ndipo simu yake ilipolia.

Ofisa aliangalia jina, akatembea hatua chache ili karani asisikie, akapokea. Kule langoni, mshonaji alikuwa ameshika nondo za geti kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Alikuwa amemaliza kupiga kelele, sauti imekauka, hata mlinzi alikuwa amegeuza uso.

“Kaka, baba yumo ndani.”

Ofisa alimkumbusha kwa upole kwamba wiki iliyopita dada alikaa mezani kwake, kwenye kiti kile cha wageni, akasema mzee amehamia kwa binamu, mbali sana, hayupo. Na ni kweli alisema. Aliogopa kwamba akikiri mzee anaishi botini, wangemfukuza siku ile ile. Njia ya mwongo fupi, na ya huyu ilikuwa fupi kama ya kutoka geti hadi katapila.

“Nilidanganya,” alisema mshonaji.

“Siku ile ulidanganya, au leo?”

“Kaka, sikuombi uache kazi yako. Piga hodi tu. Sema hodi, baba ataitika.”

Ofisa aliitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Nanyi mnaopenda kuamini wema wa watu mngedhani anafikiri.

“Sheria haisemi hodi,” alisema. “Inasema nigonge na niite. Nimegonga, nimeita.” Kisha akashusha sauti, akawa anaongea kama ndugu na ndugu. “Najua ataitika, dada. Kwani mimi sikulelewa na mzee yule yule?”

Akakata simu.

Niwaambie kidogo kuhusu mtu huyu, msije mkadhani amezaliwa na nyoka. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye boti ile ile, chini ya baba yake. Siku moja, boti imejaa, alifunga kamba vibaya ikafunguka. Hakuna aliyeumia. Lakini Injini alimshusha gatini mbele ya abiria wote, akawaambia abiria kwamba huyu ni mwanangu lakini ni mzigo, na mzigo usio na mwenyewe huachwa gatini. Watu wakacheka. Boti ikaondoka. Kijana alibaki pale na fulana yake ya kazi mpaka jua lilipomchoma.

Baba alikosea, sikatai. Wengine tungelia, tukala, tukalala, tukasahau. Lakini kuna watu wanaweka kinyongo kama wengine wanavyoweka akiba, kidogo kidogo, hadi siku ya kuvunja kibubu.

Ofisa alirudi, akamwambia Meno aanze upande wa mbele. Akanyanyua mkono, akaushusha.

Meno akawasha injini, na chuma kikashuka. Mbao zilipasuka kwa sauti ambayo hata langoni ilisikika, na mshonaji akaanza kuzitikisa nondo za geti kwa mikono yote miwili.

Meno alirudisha mkono wa katapila nyuma ili apige pigo la pili. Vumbi likatulia. Kwenye ubavu wa boti, upande wa mbele, palikuwa na tundu la ukubwa wa mlango, na kupitia tundu hilo kilionekana chumba kidogo kilichopangwa vizuri. Kitanda kimetandikwa. Birika, vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Na kwenye ukingo wa kitanda, akiwa amejaa vumbi la mbao kuanzia kichwani, alikaa mzee Injini.

Alikuwa ameweka kidole mdomoni. Anawaambia wanyamaze.

Meno alizima injini, akashuka. Kisha akavua kofia ya kampuni akaiweka juu ya kiti, akachukua mfuko wake wa chakula, akaondoka bila kuaga. Kicheko chake hakikusikika tena katika yadi ile, na mimi simlaumu.

Karani alibaki ameduwaa. Mdomo ulikuwa wazi lakini maneno ya mahakamani hayakuja. Yaliyokuja ni yale ya nyumbani kwao.

“Shikamoo, mzee.”

Mzee alimtazama, akamtazama tena. Kidole kilikuwa bado mdomoni. Mnajua alichofundishwa. Lakini mtu mzima aliyeamkiwa na mtoto wa watu atainyamaziaje shikamoo? Kidole kikashuka chenyewe.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

Neno moja la heshima lilifanya kile ambacho nyundo haikufanya. Karani alikimbia, akapanda kwenye mbao zilizovunjika, akamshika mzee mkono, akamtoa nje. Hakuwa na jeraha. Alikuwa anaomba radhi kwa sababu ya vumbi, kana kwamba ni yeye aliyepuuza kufagia.

Hapa najua kuna mtu amepumua, amesema ahsante Mungu, mzee kapona. Pumua vizuri, pumzi utaihitaji.

Ofisa hakushtuka. Karani alikuwa ameshika mdomo, mlinzi ameacha lango na kuja mbio kuona, lakini ofisa alisimama na nyundo yake kama fundi anayesubiri gundi ikauke. Alimsogelea baba yake. Aliongea kwa sauti ya ofisini, polepole, mashahidi wote wasikie.

“Mzee, boti hii ni yako?”

Swali moja. Mzee akisema ndiyo, kazi imeisha. Mwenye chombo yuko hai, amejitokeza, yuko ndani ya chombo chake. Hakuna sheria duniani ingegusa hata msumari wa boti ile.

Lakini mshonaji hakumfundisha baba yake kunyamaza tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alificha kwa bidii. Alijua iko siku watamwona. Kwa hiyo alimfundisha na la kusema akionekana, ili wasimshtaki kwa kuishi mahali palipokatazwa. Mzee alilijua vizuri jibu lile. Alijinyoosha kama mwanafunzi aliyeulizwa alichosoma usiku kucha.

“Si yangu,” alisema. “Mimi napita tu.”

Ofisa akamwomba arudie, karani asikie vizuri. Mzee akarudia, kwa fahari. Si yake, yeye anapita tu, hata jina la boti halijui. Jina aliliandika mwenyewe kwa brashi, na lilikuwa jina la marehemu mkewe.

Mlinzi alikuwa anamjua Injini miaka yote. Aliwahi kupata uji kwenye moja ya vile vikombe viwili. Ofisa alimtazama, akamtazama kwa muda, na mlinzi akavitazama viatu vyake. Ana watoto wanne. Basi.

Lango lilikuwa wazi sasa, na mshonaji alikuja akikimbia. Turubai la mteja, ambalo hakulifikisha aliposikia katapila linanguruma huko nyuma, alikuwa amelitupa langoni. Alipomwona baba yake amesimama, mzima, alimrukia, akamkumbatia, akamfuta vumbi usoni kwa mikono, akamfuta masikioni, puani, huku anasema baba, baba, baba.

Mzee alisimama wima kama mlingoti. Hakumgusa.

Karani aliuliza huyu ni nani. Mshonaji akasema ni binti yake, na boti ni ya baba yake, na yule pale mwenye nyundo ni kaka yake anayejua yote hayo. Karani akamgeukia ofisa kwa mshangao. Ofisa akasema heri aulizwe mzee mwenyewe, asije akaambiwa anapendelea.

Karani akamuuliza mzee kwa upole kama anamfahamu huyu dada.

“Simjui,” alisema Injini.

Somo la mwisho. Akikuuliza mtu kuhusu mimi, baba, sema hunijui, wasije wakanifunga. Mzee alilisema huku anamwangalia binti yake kwa jicho la siri, jicho la nimekumbuka yote, umeona? Mshonaji aliliona jicho lile. Alianza kulia kwa namna ambayo siwezi kuiandika, na sitajaribu.

“Na huyu?” karani aliuliza, akimwonyesha ofisa.

Kuhusu huyu mzee hakuwa amefundishwa lolote. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa ndani ya boti, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumwekea jibu. Mzee alimsogelea, akamwangalia kwa karibu, kofia, mabega, kitambi kilichoanza. Uso wake ukafunguka.

“Huyu namjua,” alisema. “Huyu ni mwanangu wa kwanza.”

Katika asubuhi nzima ile, Injini alisema kweli moja, na ndiyo iliyommaliza.

Karani alikuwa mgeni kazini lakini hakuwa mjinga. Alimuuliza ofisa iweje asimamie kuvunjwa kwa boti ya baba yake. Ofisa alijibu bila kutafuta maneno. Alisema ndiyo maana amemuuliza mbele ya mashahidi, kwa mdomo wake mwenyewe, na mzee amekana mara mbili. Anachovunja ni boti isiyo na mwenyewe. Kama karani amesikia tofauti, aseme.

Karani hakuwa amesikia tofauti. Alikiri kwamba kwa habari ya boti sheria imetimia. Lakini, akasema, sasa tuna mtu. Mtu huyu alifungiwa ndani ya chombo kinachovunjwa, na kumfungia mtu mzima kwa kufuli ni jinai. Aliyefanya hivyo lazima apatikane. Na mzee lazima akabidhiwe kwa ndugu anayemtambua.

Sauti ya ofisa ikawa laini. Alimgeukia dada yake kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Dada, mzee anasema hakujui. Mimi nitakuamini vipi? Mtu wa mzee huyu ni yule aliyekuwa anaingia na kutoka kwake. Huyo atakuwa na ufunguo.”

Msidhani mshonaji hakuuona mtego. Aliuona wote, kamba na kitanzi. Akinyamaza, ni mwanamke wa barabarani aliyevamia yadi, atafukuzwa langoni, na baba yake ataondoka na yule mwanawe wa kwanza. Akiutoa ufunguo, atakuwa binti wa mzee, na mtu wa kufungwa. Alichopigania tangu mwanzo hakikuwa boti, jamani. Boti ilikuwa mbao. Alikuwa anapigania asubuhi moja zaidi ya kumwamsha baba yake na kuulizwa leo ni siku gani, mama.

Alipiga moyo konde. Alijiambia huyu karani ni mwanamke, amemwamkia mzee kwa adabu, ataelewa. Akiona ukweli wote ataelewa.

Akaenda kwenye mlango wa boti, ambao bado ulikuwa umefungwa vizuri pembeni ya tundu la ukubwa wa mlango. Akatia ufunguo. Kufuli likafunguka.

“Ni baba yangu,” alisema. “Kufuli nililifunga mimi. Nilimfungia kwa sababu akitoka anapotea. Nampikia, namwogesha, nalala miguuni pake. Boti ni yake, aliijenga kwa mikono yake. Muulizeni tena, nitamwambia aseme kweli.”

Karani aliinamisha kichwa. Alielewa, nawahakikishia. Macho yalimjaa maji. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine, na ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alisema ushahidi wa mzee anayeambiwa la kusema hauwezi kurudiwa mara ya tatu. Alisema, polepole, kwamba hawezi kumrudisha mzee mikononi mwa mtu aliyekiri kumfungia. Akamwomba mlinzi amshike dada huyu mpaka askari wafike.

Mlinzi alimshika. Alimwambia kwa kunong'ona amsamehe. 

Ofisa akasema yuko tayari kumchukua mzee. Alilisema kama anajitolea, mkono kifuani. Ni baba yake, ataachaje? Karani, ambaye moyo ulikuwa umemuuma asubuhi nzima na alihitaji jambo moja jema la kurudi nalo nyumbani, alimshukuru. Akauliza kama pana nafasi nyumbani, maana mzee anahitaji utulivu.

“Chumba kipo,” alisema ofisa. “Cha uani, peke yake, hatasumbuliwa na mtu. Nimekiandaa tangu wiki iliyopita.”

Karani alitabasamu, akasema Mungu ambariki.

Mshonaji aliacha kulia. Tangu wiki iliyopita. Wiki iliyopita ndiyo aliyokaa kwenye kiti cha wageni akaapa kwamba mzee yuko mbali kwa binamu, na kaka yake akamwitikia, akamuuliza hali, akamkaribisha maji. Alipotoka mle ofisini, kaka yake alikwenda kuandaa chumba.

“Anajua,” alimwambia karani. “Alijua yumo ndani. Alijua wakati anagonga.”

Karani alimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu waliokwisha kushindwa ambao bado wanaongea. Akamwambia atayasema hayo mbele ya hakimu.

Gari la ofisa liliwekwa karibu. Mzee alipelekwa kwa kushikwa kiwiko, na alikwenda bila ubishi, hata kwa furaha kidogo, kwa sababu mwanawe wa kwanza amekuja kumchukua kwa gari. Alimgusa bega akamwambia amenenepa. Akamuuliza kama siku hizi anajua kufunga kamba.

Ofisa alisema anajua.

Mzee alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya gari alipogeuka. Alimtafuta binti yake kwa macho, akamwona ameshikwa mikono kwa nyuma. Kitu fulani kikamwambia kwamba mchezo umeharibika, kwamba mahali fulani amejibu vibaya. Akasahau kwamba hamjui.

“Mama,” aliita. “Nimeyasema yote uliyonifundisha. Huko ninakokwenda wakiniuliza, niseme nini?”

Karani aligeuka haraka. Sasa alikuwa amesikia, mwenyewe, kwa masikio yake, mzee akimwita binti yake. Lakini fomu za kumkabidhi mzee zilikuwa zimekwisha kusainiwa, naye akazikunja.

Mshonaji alitafuta jibu. Alilitafuta kweli kweli, kwa haraka, kama mtu anayetafuta sindano gizani. Hakulipata. 

Ofisa alimwingiza baba yake mguu wa pili. Akamvutia mkanda kifuani, akaukaza, akaukaza tena kidogo.

“Huko hakuna atakayekuuliza kitu, baba,” alisema.

Akafunga mlango, akazunguka upande wa usukani.